Kifungua Kinywa cha Kamati

Mambo yaliharibika siku ya Jumapili, tarehe kumi na moja mwezi wa sita, saa kumi na dakika tano alfajiri, katika nyumba ya Mizhir mwandika vibao, mjini Kut, kusini mwa Baghdad. Watu walikuwa wameshatoka msikitini, umeme wa serikali ulikuwa umerudi kwa ule ukarimu wake wa saa mbilimbili, na Asil, binti yake wa pekee, alikuwa ameketi sakafuni na laptopu mapajani akisubiri tovuti yake ipande mtandaoni. Ilipanda hadi asilimia tatu, ikasimama. Akazima, akawasha. Ikasimama tena, safari hii kwenye sifuri.

"Baba," akasema bila kugeuka, "mtandao umekufa."

"Labda umelala tu."

"Umekufa, baba. Nipe simu nimpigie Sattar."

Simu ya Asil ilikuwa juu ya kabati tangu jana yake alasiri. Mwenyewe ndiye aliyempa baba yake aifiche, asije akashawishika kupiga soga na wenzake huku kazi haijaisha. Mizhir akaishusha, akaona imejaa ujumbe usiosomwa, akapiga yeye. Sattar ndiye mwenye ule mnara wa chuma juu ya paa, unaogawia mtaa mzima mtandao kwa nyaya zilizoning'inia kama kamba za kuanikia nguo.

"Abu Asil," Sattar akacheka kwa sauti ya usingizi, "kwani nyinyi mnaishi Kut au mwezini? Wamezima nchi nzima. Mtihani wa hisabati wa sekondari unarudiwa leo. Mpaka saa mbili asubuhi hakuna atakayetuma hata salamu."

"Si waliandika mitihani imekwisha Alhamisi?"

"Ilikwisha. Halafu ikaonekana karatasi ya hisabati iliuzwa mitaani kama nyanya. Wakatangaza jana kwenye taarifa ya habari kwamba inarudiwa leo. Hukusikia?"

Kusikia, Mizhir alisikia. Alisikia robo yake. Jana jioni alikuwa anakula bamia na mkate mbele ya televisheni, waziri akatokea kwenye kioo akasema, "Kuhusu mtihani wa hisabati…" naye Mizhir akaizima. Ndivyo afanyavyo siku zote. Tangu mkewe Sundus afe hawezi kukaa chumba kimoja na mkubwa yeyote, hata akiwa wa kwenye kioo. Na wakubwa wanajulikana. Mtihani ukivuja hawamkamati aliyeuvujisha, wanazima mtandao wa watu milioni arobaini, wa mgonjwa na wa mzima, wa mwenye duka na wa msichana mwenye kazi ya chuo. Ukubwa ni jaa, walisema wa kale, ila wakubwa wetu wamegeuza: taka ni zao, jaa ni sisi.

"Anasemaje?" Asil akauliza.

"Saa mbili," akasema Mizhir.

Saa mbili ndiyo saa ambayo kamati ya chuo ilikuwa inakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asil alikuwa anamaliza chuo, na kazi ya mwisho ilikuwa kila mwanafunzi ajijengee tovuti ya jina lake mwenyewe, aweke humo kila alichokitengeneza kwa miaka yote, mtu wa mbali akifungua amjue huyu ni nani na mkono wake unaweza nini. Alipomweleza baba yake mara ya kwanza, Mizhir alikunja uso.

"Yaani utakaa hewani, watu wakutazame?"

"Si mimi, baba. Kazi zangu. Picha yangu sijaweka, nisije nikasikia maneno ya ami zangu. Ni kama kibao cha dukani, ila duka lenyewe ni mimi."

Kibao alikielewa. Aliacha shule akiwa darasa la sita, akapelekwa kwa fundi, na kwa miaka thelathini aliandika kwa brashi kila duka la nyama, kila zahanati na kila kinyozi kuanzia daraja la kwanza mpaka mtoni. Ndipo zikaja mashine za kuchapa turubai, na watu wakaona herufi ya mashine ni rahisi na haihitaji chai.

Kwa hiyo alimwacha binti afanye, na binti akafanya kwelikweli. Humo mlikuwa na nembo aliyomchorea muuza asali ya tende, kalenda ya mwaka mzima, na kitabu cha hadithi cha watoto chenye kurasa kumi na mbili, kila ukurasa umechorwa kwa mkono ukapigwa picha kwa kamera ya kuazima. Zilikuwa picha kubwa na nzito. Na mtandao wa Sattar, kuanzia magharibi mpaka watu walale, hubeba picha moja kama punda mgonjwa anavyobeba saruji. Ndiyo maana mtaani kwao kila mwenye mzigo mzito husubiri alfajiri, majirani wakiwa wamelala. Asil aliangalia orodha ya siku za kuzimwa mtandao, akaona mwisho Alhamisi, akasema Jumapili alfajiri ni salama.

Asipofungua tovuti mbele ya kamati, atahesabiwa hakuhudhuria. Wengine wakihesabiwa hivyo huja mwezi wa tisa wakajaribu tena. Yeye alikuwa ameshaahirisha mwaka mmoja, mwaka ule mama yake alipolala hospitalini hadi mashine ya hewa ikaharibika na hakuna aliyepatikana wa kuitengeneza. Mkurugenzi wa hospitali ile alipandishwa cheo. Asil akarudi darasani mwaka uliofuata, na karatasi ya chuo ikasema kuahirisha ni mara moja tu. Mara ya pili jina linafutwa.

"Vaa," akasema Mizhir. "Twende huko huko. Ukirudi mtandao, ukukute mlangoni."

Alimpakia kwenye pikipiki yake ya miguu mitatu, ile ya kubebea ngazi na makopo ya rangi. Asil alikaa nyuma kati ya makopo, laptopu ameikumbatia kama mtoto mchanga. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Kwenye taa za barabarani walisimama, na Mizhir akaona bora aseme.

"Lilikuwa kosa langu."

"Nini?"

"Walitangaza jana. Nilimzima yule waziri akiwa katikati ya sentensi."

Taa ikawaka kijani. Asil akauliza, "Alikuwa amevaa tai ya rangi gani?"

"Ya bluu. Yenye vidoti."

"Basi ulimtazama vya kutosha, baba. Ungengoja dakika moja zaidi akusomee na habari."

Mizhir alitaka kucheka, akatia gia badala yake.

Chuoni walikuta wanafunzi kumi wengine wamekaa kwenye benchi za ukumbini, kila mtu na laptopu yake. Wao walipandisha kazi zao tangu katikati ya wiki, wengine wanakaa bweni ambako mtandao ni wa chuo. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mtandao ukirudi, watafungua. Asil peke yake ndiye aliyekuwa na anwani isiyo na kitu ndani yake.

Saa mbili kasorobo aliingia Dokta Muayyad, mwenyekiti wa kamati, mtu mnene, shati limelowa mgongoni, na nyuma yake Sitt Ibtisam, yaani Bi Ibtisam, mwalimu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mizhir akawafuata kabla hawajakaa.

"Dokta, mimi baba yake Asil. Mtandao umezimwa tangu saa kumi. Kazi yake iko kamili ndani ya kompyuta. Muifungue humo humo, muone."

"Haikubaliki, hajj." Dokta alikuwa anajipepea kwa faili. "Mwaka jana watu walileta kazi za kununua, mtu anafungua kwenye kompyuta, ukimuuliza hajui hata ilivyojengwa. Sasa tumeambiwa ifunguke mtandaoni, kwa anwani yenye jina la mwanafunzi."

"Basi aanze mwingine, yeye awe wa mwisho."

"Orodha imepigwa muhuri."

"Na wa kwanza nani?"

Dokta akatazama karatasi. "Alif ndiyo ya kwanza, hajj. Asil Mizhir."

Mizhir akahisi damu inampanda. Maneno aliyokuwa nayo hapo yangemfaa mkurugenzi wa hospitali, waziri mwenye tai ya vidoti na huyu aliyelowa shati, wote kwa mpigo mmoja. Lakini Asil alimvuta mkono wa kanzu.

"Usigombane naye, baba. Njoo."

Wakakaa benchi ya nyuma. Asil akafungua laptopu na kuhesabu kwa vidole. Mtandao ukirudi saa mbili kamili, kazi yote kupanda ni dakika arobaini, labda zaidi. Kamati ingeanza mara tu mtandao ukirudi.

"Hizi picha ndizo zinazoniua," akasema.

Mizhir akainama kutazama. Hakujua kompyuta, ila alijua kibao. "Sikiliza. Ukiwa juu ya ngazi na wingu jeusi linakuja, hufanyi maua ya pembeni. Unaandika jina kwanza, na namba ya simu. Kazi ya duka inaeleweka. Maua utarudi uyamalizie."

Asil alimtazama kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. "Nipandishe kurasa tupu kwanza. Picha zifuate mojamoja, ndogo zitangulie."

"Utahitaji muda gani?"

"Nusu saa. Ikibidi, dakika ishirini na tano."

"Nitakutafutia."

"Wapi?"

Mizhir alikuwa ameshasimama.

Desturi ya vyuo vya kule ni kwamba siku ya kutetea kazi ya mwisho, jamaa huja na keki, maji ya matunda na kleicha, vile vibiskuti vya tende, wakapanga mezani, na kamati hula ikishatangaza alama. Mizhir alikuwa ameapa zamani kwamba yeye hapeleki hata maji. "Hawa nimewalisha maisha yangu yote," alimwambia Asil wiki ile ile, "na siku yako nitakwenda mikono mitupu, wakitaka wale mikono." Sasa alikuwa anakimbia kwenye jua, pumzi inapiga filimbi, kuelekea kona ya Umm Jasib anayeuza malai, utando mzito wa maziwa ya nyati wa kufugwa.

Umm Jasib alikuwa chini ya mwavuli wake, sinia moja tu limebaki mbele yake, limefunikwa kitambaa.

"Nipe hilo," akasema Mizhir.

"Lina mwenyewe. Afisa wa kituo cha polisi hulichukua kila Jumapili."

"Leo kuna wakubwa zaidi yake."

"We, Mizhir? Wewe uwapelekee wakubwa malai?" Umm Jasib akaweka mkono kiunoni. "Ulipomzika mkeo uliapa mbele yetu sote kwamba mkubwa akifa kwa kiu nawe una mtungi, utamwagia ua. Leo kuna nini?"

"Nataka waishiwe maneno. Mtu anayetafuna hasemi. Nipe na asali ya tende, ile nzito kabisa, inayonatanata."

"Inayonata mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye viwiko."

Umm Jasib akacheka akafunua sinia. Kwenye tanuri la jirani Mizhir alichukua samuni kumi na tano za moto, mikate ile yenye ncha mbili inayochoma vidole, na kwa muuza chai akaazima birika, akalibeba mwenyewe, na vikombe vidogo vya kioo vikigongana mfukoni mwa kanzu. Aliporudi ukumbini ilikuwa saa mbili na dakika kumi, na mtandao ulikuwa haujarudi bado. Wazimaji wanaijua saa ya kuzima. Saa ya kuwasha huwaponyoka.

Alitandika gazeti juu ya meza ya kamati. Malai meupe yakakaa katikati, asali nyeusi ikamwagwa juu, mvuke wa mkate ukapanda mpaka puani mwa Dokta Muayyad.

"Hii ya nini, hajj? Hatujaanza."

"Ndiyo vizuri. Mlitoka nyumbani hata hamjanywa chai. Mtu mwenye njaa hatoi alama, hutoa hasira."

Sitt Ibtisam akainua miwani. "Kwetu watu hula baada ya hukumu, ami. Kabla, itaitwa rushwa."

"Binti yangu, rushwa hufichwa chini ya meza. Hii iko juu, na wanafunzi wote wanaalikwa. Haya, vijana, msogee, mkate unapoa."

Wanafunzi hawakungoja waambiwe mara mbili. Dokta akasita, akatazama simu yake ambayo haikuwa na mtandao, akatazama malai. Mkono mtupu haulambwi, ila ukiwa na malai ya nyati hata mwenyekiti wa kamati hulamba. Akakata samuni kwa vidole, akachovya.

Alipokuwa kwenye kipande cha tatu, simu zote ukumbini zikalia kwa pamoja. Saa mbili na dakika ishirini na mbili.

"Umerudi," akasema mwanafunzi mmoja.

Kwenye benchi ya nyuma Asil aliinama juu ya laptopu. Hakula wala hakuinua kichwa.

"Vizuri," akasema Dokta, mdomo umejaa. "Tuanze. Asil…" Akanyoosha mkono kwenye kompyuta ya chuo, akauona umejaa asali ya tende mpaka kifundoni, akaurudisha.

"Maliza tu, Dokta," Mizhir akamwongezea. "Mkate wa moto haungoji, kompyuta inangoja. Ukiigusa na mkono huo, chuo kitadai nyingine."

"Hajj, una mkono mzito wa kumwaga."

"Ni mkono wa rangi. Nimezoea kopo."

Dakika tano zikaenda. Zikaenda nane. Malai yalikuwa yamebaki kwenye kona ya sinia, na Dokta alikuwa anatazama huku na huku akitafuta maji ya kunawa. Mizhir akamletea kopo la maji ya bomba na bakuli, akammiminia polepole, tone baada ya tone, kana kwamba maji ya mto mzima yalikuwa yamekwisha. Halafu akamimina chai. Halafu ikabidi aongee, naye hakuwa na hadithi yoyote ila moja tu, ghala lake la manung'uniko ya miaka yote. Akalifungua.

Alianza na lami ya mtaa wao, iliyozinduliwa mara tatu na haijamwagwa hata mara moja. Akaingia kwenye umeme. Akaingia kwenye karatasi ya hisabati. "Aliyeiuza amelala nyumbani kwake na kiyoyozi," akasema, "na mimi nimeamka saa kumi nimenyang'anywa mtandao, kana kwamba mimi ndiye nitakayemnong'oneza mtoto wa watu jedwali la kuzidisha. Mimi, ambaye kugawanya hakunikuta shuleni."

Watu wakacheka. Dokta Muayyad hakucheka. Alikuwa anazungusha kijiko ndani ya kikombe ambacho sukari yake ilikwishayeyuka zamani.

"Mwanangu wa kiume yuko kwenye chumba cha mtihani sasa hivi," akasema. "Mara ya kwanza alijibu maswali yote. Hakununua karatasi. Alirudi nyumbani anaimba. Jana usiku walipotangaza, alitapika."

Mizhir alikuwa na sentensi nyingine tayari, ya wakubwa na watoto wao. Akaimeza. Hii haikuwemo kwenye ghala lake; kwenye ghala lake mtoto wa mkubwa hatapiki.

"Atapita," akasema mwishowe.

"Inshallah." Dokta akainua macho. "Na mkeo, umesema alikuwa hospitalini?"

Mizhir hakukumbuka kama amesema. Labda mdomo ulikwenda wenyewe. "Sundus. Alikuwa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Nilisimama na mashine mikononi nikauliza, jamani, nani anaijua hii? Wakaniambia fundi yuko likizo. Nikauliza, na msaidizi wake? Wakaniambia msaidizi ndiye huyo huyo fundi."

Sitt Ibtisam alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, ingawa haikuwa na vumbi. Hapo Mizhir akagundua kwamba amesahau kupoteza wakati. Alikuwa anasema tu, na mtu mwenye cheo alikuwa amekaa mbele yake, mikono imelowa, anasikiliza. Ilimkera kidogo kuona jambo hilo limemfaa.

"Dokta," sauti ikatoka nyuma. "Niko tayari."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

Asil alipita kati ya benchi akasimama kando ya meza. Sitt Ibtisam ndiye aliyeandika anwani, yeye mikono yake ilikuwa mikavu. Ukurasa ukazunguka. Mizhir alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ukazunguka tena. Likatokea jina: Asil Mizhir, herufi nyeusi, pana, zimekaa kwenye mstari wake bila kuteleza, na chini yake maneno machache, mchoraji wa herufi na vitabu, Kut. Mizhir aliziangalia herufi zile kwa jicho la kazi. Kichwa cha herufi mim kilikuwa kimebanwa kidogo. Vinginevyo hakuwa na la kusema.

Nembo ya asali ikafunguka. Kalenda ikafunguka. Kitabu kikaja ukurasa kwa ukurasa, na Dokta akaanza maswali: hii umeijenga vipi, hii ikifunguliwa kwenye simu ndogo inakuwaje, mtu asiyeona vizuri atasomaje. Asil alijibu yote bila kutazama karatasi. Ukurasa wa tisa wa kitabu ulikuwa mweupe mtupu.

"Na hapa?" akauliza Sitt Ibtisam.

"Huo bado uko njiani," akasema Asil.

"Unatoka wapi?"

"Benchi ya nyuma."

Sitt Ibtisam alimtazama Asil, akalitazama sinia tupu, akamtazama Mizhir. Wakati huo huo ukurasa wa tisa ukashuka taratibu kwenye kioo, kuanzia juu: kichwa cha bata, shingo ya bata, na mwisho bata mzima ndani ya beseni. Sitt akaweka alama ya vyema kwenye karatasi yake.

Hawakumtoa nje asubiri kikao. Dokta aliongea na mwenzake kwa sauti ya chini kama dakika moja, akaandika, akapiga muhuri. "Umepita," akasema. "Vizuri sana. Kalale. Anayefuata."

Mizhir alikusanya vikombe. Sitt Ibtisam akamsaidia kukunja gazeti, akamwinamia.

"Ami, nimefundisha miaka kumi na tisa. Sijaona maji ya kunawa yanayochukua dakika saba."

"Bomba la chuo ni dhaifu, mwanangu. Lalamika kwa wakubwa."

"Nitalalamika," akasema, akamalizia chai yake.

Mizhir akatoka nje. Akakaa kwenye ngazi za chuo, penye kivuli, na sinia pembeni. Asil akakaa kando yake. Hapo njaa ikamkumbusha Mizhir kwamba tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni. Akapekua ndani ya gazeti akapata samuni moja iliyosahauliwa, baridi, bila malai. Akaikata katikati. Wakaila kavu, na Mizhir akaona hajala mkate mtamu kama ule tangu Sundus alipokuwa hai.

"Nimemhurumia," akasema baadaye, kwa chuki kidogo.

"Nani?"

"Yule mnene."

"Usiseme kwa sauti, baba. Majirani watakufukuza mtaani."

Hapo ndipo alipocheka, akacheka hata makombo yakampalia, na Asil akampiga mgongoni huku naye anacheka na machozi yanamtoka, na wanafunzi waliokuwa wanatoka wakawapita kwa kuwazunguka.

Siku ya Alhamisi Asil alikuwa anamalizia maua yake, kama alivyoyaita, picha kubwa zilizobaki, pale ujumbe ulipoingia. Kwenye tovuti aliweka mahali pa mtu kumwandikia, na wiki iliyotangulia alizipelekea anwani yake ofisi tano akiziomba zifungue kuanzia Jumapili. Nne hazikujibu. Ya tano ilikuwa ya watu wanaochapa vitabu vya watoto, Baghdad, mtaa wa Karrada. Alimsomea baba yake, aliyekuwa anaosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa.

"Wanasema wamempenda bata."

"Bata ni mzuri. Nilikwambia."

"Wanasema wana meza, na kazi ya mwaka mzima. Wanauliza naweza kuanza lini."

Mizhir aliendelea kuosha. Brashi ilikuwa imeshatakata. Alifurahi, hilo hakulificha. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, akatamani apite mtaani akiwaambia watu mmojammoja, kuanzia Umm Jasib. Baghdad si mbali, saa mbili na nusu kwa gari ikiwa vizuizi vya barabarani vina watu wenye akili. Msichana huenda, hurudi. Lakini kutoka Kut kwenda kazini Baghdad na kurudi kila siku hakuna awezaye, na bafuni kulikuwa na kitana cha mwanamke mmoja tu tangu Sundus afe, na hicho nacho kingeondoka.

"Waambie," akasema, "wakizima mtandao tena huko, nitakuja na malai."

"Nitawaambia." Asil alikuwa ameweka vidole juu ya vitufe, hajaandika neno. Kisha akaigeuza laptopu kidogo, kioo kisiwe kati yao. "Na wewe, baba? Nikienda, utakaa na nani?"